Ndege Watatu na Majina Yao

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya safari niliyoifanya pamoja na wenzangu wawili tuliomaliza nao kidato cha nne. Tulitoka na darubini kuwatafuta ndege watatu ambao hawapatikani popote duniani ila Kenya: mmoja wa pwani, mmoja wa milimani na mmoja wa jangwani. Sitaeleza tulikolala wala tulichokula. Nitaeleza historia ya ndege hao, maana ina funzo, hasa kwenu ninyi vijana mlio bado madarasani.

Tulianzia msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede. Huko, juu ya mirihi, hutembea makundi ya kwera weusi wenye tumbo la manjano. Mwaka 1913 Mwingereza Stephenson Clarke alimwandika kwera huyo katika vitabu vya sayansi, akampa jina la ndugu yake, Goland. Wataalamu wakamwona mara nyingi, lakini mahali anapojenga kiota hawakupajua. Ilipita miaka 100. Mwaka 2013 ndipo viota vilipoonekana, tena si Sokoke, bali katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Miongoni mwa waliovitafuta walikuwamo wenyeji wa Dakatcha wenyewe.

Kutoka pwani tulikwenda hadi Voi, kisha tukakwea milima ya Taita. Katika msitu wa Ngangao tulimwona ndege wa pili, wa jamii ya mkesha, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya machungwa, akipekua majani makavu chini ya miti. Naye aliandikwa mwaka 1913, akapewa jina la Edmund Heller, Mmarekani aliyekuja Afrika Mashariki na msafara wa Roosevelt mwaka 1909. Leo makao yake ni vipande vichache vya msitu, Mbololo, Ngangao na Chawia, vilivyozungukwa na mashamba na miti ya kigeni. Kipande kimoja kikiisha, ndege wa hapo hana pa kukimbilia.

Safari ya tatu ilikuwa ndefu. Tulipita Nairobi, Isiolo na Marsabit mpaka tukafika Dida Galgalu, jangwa la mawe meusi ya volkano. Hapo huishi ndege mdogo wa jamii ya kipozamataza, asiyeonekana mpaka aruke. Mwaka 1956 alipewa jina la John Williams, aliyekuwa mtaalamu wa ndege katika makumbusho ya Nairobi.

Basi tazameni: Clarke, Heller, Williams. Kazi ya mabwana hao sina nia ya kuibeza, kwani bila maandishi yao tusingejua tunachokipoteza. Lakini Mgiriama, Mtaita na Mborana waliishi na ndege hao kabla ya kalamu hizo kufika, na katika majina hayo ya kisayansi hawamo.

Je, elimu ya wazee ilikuwa bure? La, hasha! Wafugaji wa Kiborana humwita mlembe, yule ndege wa asali, kwa mbinja iitwayo fuulido. Walisema siku zote kwamba kwa mlio wake na kuruka kwake mlembe huwaeleza mzinga uko upande gani na uko mbali kiasi gani. Wageni wengi walidhani ni hadithi. Mwaka 1989 mwanasayansi Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walitoa matokeo ya vipimo vyao. Asiyeongozwa na ndege alitafuta kwa wastani wa saa 8.9 kabla ya kupata mzinga. Aliyeongozwa, saa 3.2. Wazee walikuwa wamesema kweli.

Kwa hiyo, vijana, mkifunga shule chukueni daftari. Waulizeni babu na bibi ndege fulani anaitwaje kwa lugha ya nyumbani, analia vipi, anajenga wapi, na zamani alionekana wapi ambako leo haonekani tena. Andikeni yote pamoja na tarehe na jina la aliyewaambia. Msitu ukikatwa, huenda ukapandwa tena. Mzee akienda na elimu yake haijaandikwa, hapana wa kumwuliza.