Kurudi kwa Tungsteni

Mwaka 1975 maabara ya Princeton, Marekani, iliwasha PLT, tokamaki, yaani mtambo wa kuunganisha viini vya atomi ndani ya plazma (gesi ya moto mno), iliyokuwa na vizuizi vya tungsteni vya kuzikinga kuta dhidi ya plazma hiyo. Uteuzi huo ulieleweka: hakuna metali inayostahimili moto kama hii, kwani huyeyuka ifikapo nyuzi 3,422, na ndiyo iliyokuwa ikiwaka ndani ya balbu tangu mwanzoni mwa karne. Lakini kitovu cha plazma kilipoa. Atomi zilizobanduka kwenye vizuizi zilizama hadi katikati, na kwa kuwa kila moja ina elektroni 74, hata joto la mamilioni ya nyuzi halikuweza kuzivua zote. Elektroni zilizosalia zikawa zinaunyonya moto na kuutupa nje kama mionzi. Vikawekwa vizuizi vya kaboni, na mwaka 1978, kwa kusaidiwa na miale ya kupasha joto, mtambo uleule ukavuka nyuzi milioni 60. Tungsteni ikahukumiwa kuwa haifai. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, ilimwangukia asiye na hatia. Kosa lilikuwa la ukingo wa plazma, uliokuwa wa moto mno na ambao hakuna aliyejua bado namna ya kuutuliza.

Atakayeitetea kaboni ana hoja nzito. Atomi yake ina elektroni sita tu, zote huvuliwa kabla ya kufika kitovuni, kwa hiyo haiibi joto. Ndiyo iliyofunika kuta za JET kule Culham, Uingereza, mtambo huo ulipotoa megawati 16 za muunganiko mwaka 1997, na bila miaka hiyo pengine tusingejifunza kuitawala plazma. Ila kaboni hushikana na hidrojeni. Huliwa kidogokidogo, kisha hujibandika upya pembeni ikiwa imeificha ndani yake tritiamu, aina ya hidrojeni iliyo fueli ya mitambo hii, nayo ni adimu, ina mionzi, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12 hivi. Kinu kinachomeza fueli yake chenyewe hakiwezi kuzalisha umeme. Ndiyo maana naipa uzito mkubwa kazi ya Garching, Ujerumani, ambako tangu 1999 kuta za tokamaki ya ASDEX Upgrade zilibadilishwa kipande kwa kipande, hadi kufikia 2007 zikawa tungsteni tupu. Mafundi wake walipuliza gesi ili kuupoza ukingo, na wakapasha kitovu joto ili metali isirundikane humo. Tungsteni ilikuwa ileile ya Princeton. Ufundi ndio uliobadilika.

Yapo madai kwamba ushindi huu ulilipiwa ghali. Ni kweli: JET ilipowekewa tungsteni sakafuni na beriliamu kutani mwaka 2011, plazma yake ilizorota kwa miaka kadhaa, na kilele cha 1997 hakikuvunjwa. Hata hivyo, kwa nishati yote iliyopatikana katika jaribio moja, kaboni iliishia megajuli 22; kuta mpya zilifika 59 mwaka 2021 na 69 mwaka 2023. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la nyutroni zitokazo kwenye muunganiko, ambazo huifanya metali hii, ambayo kwa asili huvunjika kirahisi, izidi kuvunjika, na bado hakuna mtambo uliowahi kuipiga kwa wingi utakaokuwamo ndani ya kinu cha kweli. Hata hivyo ITER, tokamaki inayojengwa Cadarache, Ufaransa, imeamua kuacha beriliamu na kutumia tungsteni hadi kutani. Mtambo jirani, WEST, wenye sakafu ya tungsteni, uliishikilia plazma kwa sekunde 1,337 Februari 2025.