Jicho la Mganga Ndani ya Mfupa

Mtu akivunjika mguu, mfupa wake umefichwa na nyama. Fundi wa mifupa wa zamani alipapasa kwa vidole, akanyosha, akafunga vijiti, akangoja. Wengi walipona; wengine walibaki vilema. Je, mganga alipataje jicho la kuona ndani?

Mwanzo wake ni tarehe 8 Novemba 1895. Mjini Würzburg, katika Ujerumani, mwalimu Wilhelm Röntgen aligundua miali isiyoonekana, ipenyayo nyama. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake: mifupa na pete vikaonekana. Lakini jicho hilo lilikuwa na bei. Waganga wa kwanza hawakujua ya kuwa miali ile huunguza. Vidole vyao vilioza, na wengi wakafa. Mwaka 1936 jiwe la ukumbusho lilisimamishwa Hamburg, lenye majina 169 ya watu hao.

Mwaka 1939, mjini Kiel, mganga Gerhard Küntscher alianza kutia msumari mrefu wa chuma ndani ya uboho wa mfupa wa paja. Mgonjwa aliweza kusimama mapema, asilale kitandani miezi mingi. Baadaye msumari ulitobolewa matundu, ukafungwa kwa skrubu, ili mfupa usizunguke. Ndipo ilipotokea shida: tundu limo ndani ya mfupa, halionekani. Ikampasa mganga kupiga picha tena na tena, na kila mara miali ilipata mikono yake.

Hapo kompyuta ikaja kusaidia. Mwaka 1971, mjini London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipima miali iliyopita katika kichwa cha mgonjwa, na kompyuta ikachora kichwa hicho kipande kwa kipande. Katika miaka ya 1990, huko Bern katika Uswisi na penginepo, kompyuta ilianza kuongoza skrubu za uti wa mgongo. Kisha njia hiyo ikafikia mifupa iliyovunjika. Alama hufungwa juu ya mfupa na juu ya chombo. Kamera huzitazama, na kioo huonyesha ncha ya chombo ilipo juu ya picha iliyokwisha kupigwa. Hivyo picha hupungua.

Lakini tusidanganyike. Alama ikisogea kidogo tu, kioo huonyesha uwongo, na skrubu hupotea njia. Tena mashine hizo ni za bei kubwa, na hospitali nyingi hazinazo. Kompyuta huonyesha njia. Mwenye kujibu kwa ajili ya mgonjwa ni mganga. Tukumbuke basi wale 169: jicho hili lilinunuliwa kwa vidole vyao.