Pedaya Mwana wa Yekonia: Jina Moja katika Nasaba ya Wafalme wa Yuda

Aghalabu wahakiki wanaoichunguza Biblia kama fasihi huzipita orodha za nasaba kwa haraka, wakiamini kwamba mna majina matupu yasiyo na maudhui. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kinyume cha imani hiyo kwa kumchunguza mhusika mdogo kabisa, Pedaya. Mhusika huyu hatendi lolote wala hasemi neno. Hata hivyo, kuwapo kwake katika sura ya 3 ya 1 Mambo ya Nyakati kunazua swali zito: Zerubabeli, liwali wa Yuda baada ya uhamisho, alikuwa mwana wa nani?

Yekonia, aitwaye pia Yehoyakini, alitawala Yerusalemu kwa miezi mitatu kabla ya kujisalimisha kwa Nebukadreza mwaka 597 K.K. Kuishi kwake uhamishoni kunathibitishwa na ushahidi ulio nje ya Biblia. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Babeli, ambayo Ernst Weidner aliyachapisha mwaka 1939, yanaorodhesha mafuta aliyogawiwa mfalme huyo pamoja na wanawe watano. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anataja wana saba, wa kwanza akiwa Shealtieli na wa tatu Pedaya. Kisha anaeleza kwamba Zerubabeli ni mwana wa Pedaya.

Maelezo haya yanapingana na matini nyingine. Kitabu cha Hagai kinamwita Zerubabeli mwana wa Shealtieli mara 5. Ezra na Nehemia wanakubaliana nacho, na kadhalika Injili za Mathayo na Luka. Pedaya hatajwi katika nasaba ya Injili yoyote.

Wafasiri wamejaribu kuupatanisha ukinzani huu kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni sheria ya kurithi mjane iliyomo katika Kumbukumbu la Torati 25, ambapo mtoto wa kwanza huhesabiwa kuwa wa marehemu. Kwa mujibu wa rai hii, Pedaya alimzaa Zerubabeli kwa niaba ya nduguye. Rai hii yawezekana, lakini hakuna matini isemayo kwamba Shealtieli alifariki bila mwana. Ya pili ni tafsiri ya Kiyunani, ambayo katika nakala yake mashuhuri ya Vatikani humweka Shealtieli mahali pa Pedaya. Hapa mhakiki hana budi kujiuliza ni badiliko lipi lenye sababu. Mnakili angeweza kuliondoa jina la Pedaya ili kuleta upatanifu. Ni vigumu kuona kilichomfanya alitie ili kuleta mgongano. Kwa hiyo tunaliona jina hili kuwa la asili katika matini ya Kiebrania.

Kwa maoni yetu, matini hizi hazijibu swali moja. Hagai anahubiri mwaka 520 K.K., katika mwaka wa pili wa Dario, naye anahitaji mrithi. Katika Yeremia 22, Yekonia analinganishwa na pete ya muhuri iliyong'olewa mkononi mwa Mungu, na inaamriwa aandikwe kuwa mtu asiye na watoto. Hagai anairejesha taswira iyo hiyo: Zerubabeli atafanywa kuwa pete ya muhuri. Ili ahadi hiyo iwe na uzito, Zerubabeli anafaa kusimama katika safu ya mzaliwa wa kwanza, nayo ni safu ya Shealtieli. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, kwa upande wake, anahifadhi ukoo. Baada ya Shealtieli kutajwa, hapewi mzao hata mmoja. Kizazi chote cha Daudi kinachofuata, hadi Anani na nduguze mwishoni mwa sura, kinapitia kwa Pedaya.

Aidha, jina lenyewe lina maana. Pedaya ni "Yehova amekomboa", jina la kutajika kwa mwana wa mfalme aliyechukuliwa mateka. Isitoshe, 2 Wafalme 23 inamtaja Pedaya wa Ruma, baba yake Zebida, ambaye ni mama wa mfalme Yehoyakimu na bibi wa Yekonia. Jina la babu wa upande wa kike limejitokeza tena katika ukoo wa kifalme, ingawa nasaba ya kiume haikumpa babu huyo nafasi.

Tunahitimisha kwamba kuusawazisha ukinzani huu kwa pupa ni kumfuta mtu ambaye matini moja tu ilijali kumhifadhi. Nasaba ni hoja: humweka huyu mbele na kumnyamazisha yule. Wajibu wa mhakiki ni kuuliza ni nani aliyefaidika na mpangilio huo, na jina lipi lililipa gharama yake. Katika nasaba ya Zerubabeli, jina hilo ni Pedaya.