Ubongo unavyomfikisha bodaboda wa Kipawa Kariakoo bila ramani

Dar es Salaam. Abiria akipanda bodaboda Kipawa na kusema "Kariakoo", dereva mzoefu wala hagusi simu. Barabara ya Nyerere ikiwa na foleni, anakata Vingunguti, anatokea Buguruni. Anajuaje?

Kazi hiyo inategemea sana hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande.

Mwaka 1971, John O'Keefe alionyesha kuwa kwenye hipokampasi ya panya kuna seli zinazowaka mnyama anapofika sehemu fulani tu. Mwaka 2005, May-Britt na Edvard Moser wa Norway na wenzao wakagundua seli jirani zinazopima eneo kama karatasi ya mirabaraba. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Lakini kujua ulipo hakutoshi, lazima ujue uendako. Utafiti wa popo uliotoka mwaka 2017 ulikuta seli zinazoonyesha upande na umbali wa kituo anachokiendea, hata kikiwa kimezibwa asikione. Njia ikifungwa ghafla, sehemu ya mbele ya ubongo husaidia kupanga nyingine.

Ramani ya kichwani hujengwa

London, madereva teksi husoma mitaa kama 25,000 kabla ya kupewa leseni. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kwa waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliongezeka. Kwa waliofeli, haikuongezeka.

Utafiti mwingine wa mwaka 2017 uliwapima watu 24. Walipotafuta njia wenyewe, hipokampasi ilichangamka kila walipoingia mtaa mpya. Walipofuata maelekezo ya kifaa, ilitulia tu.

Kwa hiyo, kama unataka kuijua mitaa, angalia ramani kabla ya kutoka, kisha weka simu mfukoni.

Mzee akipotea njia

Ugonjwa wa Alzheimer huanza mapema kushambulia hipokampasi na eneo linaloizunguka. Ndiyo maana mzee anayepotea njia aliyoipita miaka yote, mfano kutoka sokoni kurudi nyumbani, anaweza kuwa anaonyesha dalili za mwanzo.

Asichekwe, wala isisemwe amerogwa. Apelekwe hospitali akapimwe, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayochanganya akili ambayo yanatibika.