Mambo 6 yanayokuonyesha kama famasi ya mtaani kwako ni salama

Dawa iliyoharibika mara nyingi haionekani kwa macho. Kidonge kinaweza kuwa na rangi ileile na kwenye paketi ileile, lakini nguvu yake imeshapungua. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni duni au bandia. Ndiyo maana duka lenyewe linapaswa kukaguliwa kabla ya kidonge.

Kwa Tanzania, Baraza la Famasi husimamia wataalamu na maduka ya dawa, na TMDA husimamia ubora wa dawa zenyewe. Mteja naye ana ya kwake ya kuangalia:

1. Kibali na aina ya duka
Duka halali hubandika cheti chake ukutani, mahali pa wazi. Famasi na Duka la Dawa Muhimu (DLDM) si kitu kimoja. DLDM, zilizoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, huuza dawa zilizo kwenye orodha maalum tu. Ukiambiwa dawa uliyoandikiwa haipo kwenye orodha yao, usikasirike. Hapo wanafuata sheria.

2. Aliyesimama kaunta
Famasi inatakiwa iwe chini ya mfamasia. Kwenye DLDM anayehudumu awe mtoa dawa aliyepata mafunzo, siyo ndugu wa mwenye duka aliyeachiwa funguo.

3. Joto, jua na friji
Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30. Duka la bati lisilo na dari wala feni, au maboksi yanayopigwa na jua dirishani, ni dalili mbaya. Dawa hazikai sakafuni. Insulini ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ikiganda haifai tena. Friji yenye soda na nyama ndani siyo ya dawa. Uliza pia umeme ukikatika wanafanyaje.

4. Tarehe na alama kwenye paketi
Soma tarehe ya mwisho wa matumizi na toleo namba. Vidonge vikikatwa kwa mkasi, mara nyingi kipande chenye tarehe hubaki dukani, kwa hiyo omba uonyeshwe. Ukiona nembo ya MSD au herufi GOT kwenye duka binafsi, shtuka: hizo ni dawa za Serikali, hazitakiwi kuuzwa hapo.

5. Cheti cha daktari na dozi kamili
Duka zuri halikuuzii antibayotiki kwa "nipe za buku". Nusu dozi huacha vijidudu hai na kuvizoesha dawa, na siku ukiumwa kweli dawa hiyohiyo inaweza isikusaidie. Kuuliza cheti siyo kukusumbua.

6. Maelezo kabla hujaondoka
Bahasha iliyoandikwa "1x3" peke yake haitoshi. Maana yake ni kidonge kimoja mara 3 kwa siku, yaani kila baada ya masaa 8. Dawa ya mseto (ALu) kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Dozi ya pili humezwa masaa 8 baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya masaa 12. Mtoa dawa pia anatakiwa akuulize kama una mimba, unanyonyesha, una mzio au unatumia dawa nyingine. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Ukihisi dawa ina kasoro, mfano imebadilika rangi, imemomonyoka au imekuletea madhara, acha kuitumia na urudi kwa mtaalamu haraka akupe mbadala. Usitupe paketi wala risiti. Toleo namba ndiyo itakayoiwezesha TMDA kufuatilia mzigo wote na kuuondoa sokoni kabla haujamfikia mgonjwa mwingine.