Cloud Atlas: filme moja, hadithi sita

Filme hii ya 2012 ilitolewa katika kitabu cha Mwingereza David Mitchell. Iko na karibu saa tatu, na hadithi zake zinakatizana. Mwanzoni unaweza kupotea, vumilia tu.

Kila mtu anaachia wa nyuma yake kitu. Mwaka 1849 mwanasheria Ewing, aliyetumwa na baba mkwe wake kufunga mkataba wa watumwa, anaandika daftari safarini. Mwaka 1936 mtunzi wa muziki analisoma. Barua zake huyo zinamfikia mwandishi wa habari huko San Francisco, 1973. Habari yake huyu inafika London kwa mchapishaji wa vitabu, na masaibu ya mchapishaji yanageuka sinema anayoitazama Sonmi, mtumishi aliyetengenezwa na watu, Seoul ya 2144. Baadaye kabisa, watu wanamwomba Sonmi kama mungu.

Tom Hanks na Halle Berry wako katika hadithi zote sita, kila mara na sura ingine. Lakini Wazungu kubadilishwa macho ili wawe Wakorea, hapo watengenezaji walilaumiwa, na kwa haki.

Na Ewing? Mtumwa mtoro anamwokoa katika meli. Akifika kwao, anauchoma ule mkataba mbele ya baba mkwe.