Waliofundishwa Kusikiliza

Mwaka 1973 Tanzania iliwapa mafunzo watu wapatao 75,000 kwa ajili ya kazi moja: kukaa na majirani zao mbele ya redio, kusikiliza kipindi mpaka mwisho, kisha kuongoza mazungumzo. Waliitwa viongozi wa vikundi. Kampeni yenyewe ilikuwa Mtu ni Afya, na inakadiriwa iliwafikia watu wazima milioni 2. Mimi nafundisha waelimishaji rika hapa Kikwe, wilayani Meru, na kila mara naambiwa kwamba kuwafundisha vijana kuzipima habari ni kazi mpya iliyokuja na simu janja. Sikubali. Kazi hii ina wazee wake, na marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao.

Mkesha wa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba mwaka unaoingia uwe Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Redio ndiyo iliyofika kote, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikwishaanza kujaribu vikundi vya kusikiliza: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, kisha Wakati wa Furaha mwaka 1971, uhuru ulipotimiza miaka kumi. Mtindo wenyewe ulikuwa na safari ndefu. Wakulima wa Kanada waliuanza mwaka 1941, ukajaribiwa India na Ghana, ndipo ukafika kwetu. Hapa ukakua kuliko ilivyotarajiwa.

Mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, mpaka kwa viongozi wa vikundi vijijini. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na maharage aliyejua kusoma, hakuwa na cheo chochote. Alichorudi nacho kutoka kwenye mafunzo, na alichokirudia mpaka uzeeni, ni kwamba kiongozi wa kikundi si mwalimu. Kipindi kikiisha, asikihubiri upya. Asome sura ya kitabu kwa sauti, kitabu chenye herufi kubwa kwa ajili ya waliotoka kujifunza kusoma juzi, kisha aulize: hapa kwetu hili liko vipi?

Betri za redio zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufikia jioni. Watu walikaa kwenye mikeka na magogo, kina mama wakichambua maharage huku wanasikiliza. Wiki ya malaria, kwa maelezo ya baba, kipindi kilisema mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Alipouliza swali lake, kimya kikatanda, maana kila mtu alijua maji yalikotuama: chini ya mashamba, pale mfereji ulipoachwa wazi na wenye zamu ya kumwagilia usiku. Bibi mmoja ndiye aliyesema, "Mwanangu, redio imemaliza. Sasa wataje wasiofunga mfereji." Ugomvi ukazuka, majina yakatajwa, na kabla watu hawajatawanyika zamu ya mfereji ikapangwa upya, pamoja na siku ya kufukia madimbwi. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu. Sauti iliyotoka Dar es Salaam ilipimwa kwa macho ya watu wa Kikwe, ikageuzwa kuwa uamuzi wao.

Lakini kuna swali ambalo viongozi wale hawakufundishwa kuliuliza, nalo ni kuhusu redio yenyewe. Redio Tanzania ilikuwa ya serikali, na redio binafsi hazikusikika mpaka miaka ya 1990. Miaka ileile ya Mtu ni Afya, watu walikuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu. Kikundi kiliweza kuuliza namna ya kuchimba choo. Nani kasema, na kwa nini kasema, hayo hayakuwemo kitabuni.

Nasikitika zaidi kwa sababu Wameru walikuwa nayo maswali hayo kabla ya redio. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Maelezo rasmi yalitaja ardhi mbadala na fidia. Wameru hawakuyapokea. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kueleza walichokiona wenyewe. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura, na ardhi haikurudi wakati ule. Hata hivyo, Japhet aliporejea alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akisimulia kesi hiyo, na watu wakapata upande wa pili wa habari waliyokuwa wameisikia kwa wakubwa tu.

Kwa hiyo ninapokaa na waelimishaji rika, nawapa vyote viwili: subira ya kiongozi wa kikundi na maswali ya wazee wa kesi ya ardhi. Tunaanza na ujumbe ambao kila Mtanzania ameshaupata: "Ile hela itume kwenye namba hii." Nawazuia wasiseme mara moja kwamba ni utapeli. Waulize wenzao: "ile" ni ipi? Nani kati yetu ana deni leo, hata ujumbe huu ukamkuta tayari? Kijana wa bodaboda anayesubiri kupeleka marejesho ya pikipiki hueleza vizuri kuliko mimi jinsi mtu anavyonaswa. Baada ya hapo tunapanda kwenye sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, kisha taarifa za wanasiasa, na huko maswali yaleyale huwa magumu zaidi.

Tatizo letu ni muda. Mtu ni Afya ilikwenda kwa majuma 12, kila juma kipindi, kitabu na mkutano. Mafunzo ya siku hizi ni siku mbili: fulana, posho, picha ya pamoja, kila mtu kwao. Kijana hawezi kujifunza kuongoza mazungumzo kwa siku mbili. Na vikundi tunavyo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Vikundi vinavyokopa hukutana mara kwa mara kuhesabu marejesho. Ninachoomba ni nusu saa ndani ya mikutano hiyo, kwa majuma 12, na kitabu kimoja cha herufi kubwa kwa kila kikundi.